Krinoidi wanapogoma kutoka kwenye chokaa: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Anayechimbua jino la papa kwenye udongo anashughulika na vitu viwili tofauti: jino gumu linaloteleza na udongo laini unaoachia. Anayetafuta krinoidi kwenye mawe ya chokaa hana nafuu hiyo. Kisukuku ni kalsiti, yale madini yanayounda chokaa, na mwamba uliokishika nao ni kalsiti. Rangi zinakaribiana, ugumu ni ule ule, na asidi inayokula kimoja inakula na kingine. Karibu kila tatizo nitakalolitaja hapa chini linatokana na jambo hilo, na anayelishika vizuri hupunguza hasara kuliko anayekimbilia kununua vifaa.

Kwa asiyemfahamu, krinoidi ni mnyama wa baharini, ndugu wa kiti cha pweza na jongoo bahari, ingawa kwa kumtazama ungesema ni ua. Wengi wa zamani walisimama juu ya shina lililoshika sakafu ya bahari. Juu ya shina kuna kikombe kinachobeba mwili, na kwenye ukingo wa kikombe mikono inayokinga chembe za chakula majini. Wanajulikana tangu kipindi cha Ordovisi, yapata miaka milioni 480 iliyopita. Walistawi mno katika Kaboniferasi, wakaponea chupuchupu katika maangamizi ya mwishoni mwa kipindi cha Permi, na hata leo wako spishi zipatazo 600 baharini. Kiunzi chao ni vipande vingi vidogo vilivyopangwa: pingili kwenye shina na mikono, vibamba kwenye kikombe.

Pingili zimejaa tele, kikombe hakuna hata kimoja

Hili ndilo lalamiko la kila anayeanza. Umefika machimboni, kila jiwe lina visahani vyenye tundu katikati, umejaza mfuko, lakini kichwa cha mnyama hukioni.

Chanzo kiko kwenye kifo chenyewe. Vipande vya krinoidi hushikwa na kano na misuli. Mnyama akifa, tishu hizo huoza, na katika siku chache hadi majuma machache mwili wote unaachana. Mikono hutangulia, kikombe hufuata, na shina hukatika vipande vipande. Mawimbi na mikondo humaliza kazi iliyobaki. Ikiwa maelfu ya wanyama waliishi na kufa mahali pamoja kwa vizazi vingi, sakafu ya bahari inakuwa changarawe ya pingili, na changarawe hiyo ikishikana inakuwa chokaa. Ujerumani kuna tabaka la kipindi cha Triasi liitwalo Trochitenkalk, lililosheheni pingili za Encrinus liliiformis. Ukisimama mbele yake unaona mamilioni ya pingili na huenda usione kikombe siku nzima.

Kwa hiyo usianze kwa kupasua. Anza kwa kusoma mashina. Pingili zikiwa moja moja, kingo zimesuguliwa, na zote zinalingana ukubwa, ujue maji yalizichambua na kuzisafirisha, hivyo uwezekano wa kupata mnyama mzima ni mdogo sana. Ukianza kuona vipande vya shina vya urefu wa kidole, halafu vya urefu wa kiganja, umekaribia. Mashina yakiwa yamelala kuelekea upande mmoja, mkondo wa mwisho uliwalaza kabla ya kuwafunika. Na ukikuta shina ambalo bado limeshikana na vikonyo vyake vyembamba vya pembeni, usiondoke hapo. Vikonyo ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kuanguka, na kama vimebaki, aliyevimiliki alifunikwa upesi.

Kufunikwa upesi ndilo neno la kutafuta. Dhoruba inapokoroga tope na kulimwaga juu ya krinoidi waliosimama, viungo vyao hukaa pamoja. Tope hilo leo unaliona kama utepe mwembamba wa udongo wa kijivu au mwambatope kati ya tabaka moja la chokaa na lingine. Watafutaji wengi huuruka utepe huo kwa kuuona uchafu, wakaenda kupiga nyundo tabaka nene na gumu. Mimi ningefanya kinyume: ningelipita tabaka nene na kufuata utepe, mita kwa mita, nikikagua uso wa juu wa chokaa iliyo chini yake na uso wa chini wa ile iliyo juu yake. Wren's Nest, kule Dudley nchini Uingereza, inajulikana dunia nzima kwa visukuku vya kipindi cha Siluri vilivyo kwenye mabamba ya chokaa yaliyotenganishwa na udongo, na vizuri zaidi vimetoka kwenye nyuso za namna hiyo.

Mazingira nayo hubadilisha kile unachopaswa kutegemea. Crawfordsville, jimbo la Indiana nchini Marekani, mashapo yalikuwa matope laini, na krinoidi wake hutoka wakiwa na shina, kikombe na mikono. Le Grand, jimbo la Iowa, walifunikwa kwenye chokaa yenye chembe ndogo, na wana jambo la kupendeza mno: spishi tofauti zilizolala bamba moja zina rangi tofauti, hivyo macho yanaweza kumfuata mmoja katikati ya wenzake. Burlington, Iowa hiyo hiyo, hali ni nyingine. Chokaa ya huko ni changarawe tupu ya krinoidi, na kwa hoja niliyotoa ungetarajia isiwe na vikombe. Inavyo vingi. Sababu ni kundi la krinoidi waitwao kamerati, ambao vibamba vya kikombe chao vimeungana kwa uthabiti kama ganda moja. Mikono yao ilikatika, shina likakatika, kikombe kikabingirika na kubaki kizima. Charles Wachsmuth na Frank Springer walitumia miaka mingi kwenye miamba hiyo, na kazi yao kubwa ya 1897 ilihusu hao kamerati wa Amerika Kaskazini. Basi kabla hujasema eneo ni bovu, jiulize kwanza ni krinoidi wa kundi gani walioishi hapo. Kwenye chokaa ya chembe kubwa, kitu cha duara chenye ukubwa wa karanga hadi limau, chenye vibamba vya pembe sita, ndicho cha kutafuta. Mikono usiitegemee.

Jambo moja linasahaulika: mnyama aliyelala kwenye tope huhifadhika vizuri upande wa chini, ule ulioshika tope, kuliko upande wa juu uliobaki wazi. Ukipata bamba lenye krinoidi aliyesambaratika juu, ligeuze kabla ya kulitupa.

Jiwe linapasuka katikati ya kisukuku na kuacha nyuso bapa zinazong'aa

Umepiga nyundo ukitarajia kikombe. Badala yake unaona kioo: nyuso ndogo bapa zinazomeremeta ukizigeuza kwenye jua, kila moja kwa pembe yake. Hakuna umbo, hakuna mapambo. Wengi hudhani wamekuta fuwele za kawaida na kulitupa jiwe.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10 na uangalie tena. Kila uso bapa una mpaka wa duara au wa pembe, na pengine kuna doa jeusi au la kahawia katikati. Hiyo ni pingili iliyokatwa. Kila kipande cha kiunzi cha krinoidi, hata kiwe kikubwa kiasi gani, ni fuwele moja tu ya kalsiti. Alipokuwa hai, fuwele hiyo ilikuwa na vinyweleo vingi kama sifongo, tishu zikipita ndani yake. Baada ya kuzikwa, vinyweleo vilijazwa kalsiti iliyofuata mpangilio ule ule wa fuwele, na kipande kikawa kitu kimoja kigumu. Kalsiti ina njia 3 za kupasukia, ambazo hazikutani kwa pembe mraba. Nyundo inapofika, ufa huchagua mojawapo ya njia hizo na kupita katikati ya pingili, wala haufuati uso wake wa nje.

Kuna ubaya zaidi. Kalsiti iliyoingia kwenye mapengo kati ya pingili nayo mara nyingi ilianza kukua juu ya pingili yenyewe, ikiendeleza fuwele ile ile nje ya mpaka wa kisukuku. Hapo hakuna mshono wa kuachanisha. Ndiyo maana chokaa nyeupe inayong'aa, ya chembe kubwa, ikiwa mbichi, haitakupa kisukuku kizuri hata ungekuwa na mkono wa sonara.

Tiba yake ni subira. Tafuta nyuso zilizokaa muda mrefu kwenye mvua na jua: kuta za zamani za machimbo, mawe yaliyotupwa pembeni miaka mingi iliyopita, miamba ya kando ya mito. Maji ya mvua yana asidi hafifu, na hula ule ujazo wa chembe ndogo haraka kuliko fuwele kubwa za krinoidi. Pingili hubaki zimeinuka juu ya uso wa jiwe, na mistari yake inasomeka kwa kidole. Nenda asubuhi au jioni, jua linapokuja kwa ubavu, kwa maana kivuli chembamba huonyesha kile ambacho jua la utosini hukificha. Beba chupa ya maji na brashi. Jiwe likilowa, kalsiti ya kisukuku hubadilika rangi kuliko mwamba, na umbo hujitokeza.

Kama una bamba ambalo una hakika lina kitu ndani lakini ni bichi, lipasue kwa kufuata tabaka, kamwe usikate tabaka. Tindo pana ikae sambamba na mstari wa udongo, ugonge kidogo kidogo ukizunguka pande zote kabla ya pigo la kufungua. Ama liache nje, juu ya ardhi, lipigwe na mvua kwa misimu kadhaa. Ikishindikana kabisa, likate kwa msumeno wa mawe na ulisugue ling'ae. Hutapata kikombe cha kushika mkononi, lakini utaona mashina yaliyokatwa kwa urefu na kwa upana, tundu la katikati likionekana bayana. Chokaa ya krinoidi iliyong'arishwa ni nzuri mno, na si bure kwamba hutumika kupamba sakafu na kuta za majengo.

Huna hakika kama ulichonacho ni krinoidi

Mng'ao wa nyuso bapa ni ushahidi mzuri, lakini unathibitisha ukoo tu. Miiba ya ekinoidi, wale wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu, nayo ni fuwele moja moja na hupasuka vivyo hivyo. Mwiba hauna tundu la shina wala pingili. Una kifundo upande mmoja na huchongoka upande wa pili.

Anayechanganya zaidi ni matumbawe ya pembe. Kipande chake kilichokatwa ni duara, chenye mistari inayotoka pembezoni, na kwa haraka kinafanana na pingili. Tazama katikati. Pingili ina tundu, la duara au la nyota ya pembe tano, na mistari yake ni mifereji mifupi ya pembezoni iliyokusudiwa kushikana na pingili ya jirani. Kwenye tumbawe mistari ni kuta zinazoingia ndani kabisa, na kipande kizima huwa kimechongoka upande mmoja kama pembe ya ng'ombe. Ukikivunja, hakitoi uso mmoja bapa unaong'aa.

Archimedes, mnyama wa kundi la briozoa (wanyama wadogo sana wa majini waishio kwa makoloni), ana mhimili uliojisokota kama parafujo, na huokotwa na kuitwa shina la krinoidi kila mara. Msokoto wake huendelea bila kukatika. Pete za krinoidi hazisokoti. Kila moja inajifunga yenyewe. Blastoidi nao, ndugu wa krinoidi waliokwisha kutoweka, hasa Pentremites, hudhaniwa kikombe cha krinoidi: ni kama tumba la ua lenye maeneo 5 yaliyochongwa mistari myembamba kutoka juu kushuka. Kikombe cha krinoidi hakina maeneo hayo. Kina vibamba, na juu yake alama za mahali mikono iliposhikana. Kuhusu pingili zenye umbo la nyota, hizo ni za krinoidi halali, kama Pentacrinites na Isocrinus, tena ni miongoni mwa zinazopendeza kuliko zote.

Kuna mashimo yenye pete ndani, lakini kisukuku hakipo

Mwamba wako haukuhifadhi kalsiti. Maji yaliyopita ndani yake yaliyeyusha krinoidi na kuacha nafasi yao, huku mwamba wenyewe ukibaki kwa kuwa uligeuka dolomiti (madini jamaa ya kalsiti yasiyoyeyuka upesi) au gumegume. Mara nyingine ndani ya shimo kuna kijiti chembamba chenye pete: huo ni ujazo wa tundu la shina pamoja na nafasi kati ya pingili, uliobaki baada ya pingili kuyeyuka. Katika Derbyshire, Uingereza, mawe ya namna hii yana jina lake la kienyeji, mawe ya skrubu.

Usiyadharau. Shimo safi hubeba mapambo ya uso wa pingili kwa uaminifu wa ajabu, kuliko kisukuku chenyewe kilicholiwa na mvua. Safisha kwa maji na brashi laini, acha likauke kabisa, kisha ujaze silikoni laini ya kufinyanga au mpira wa maji unaoganda. Ukiuvuta, unapata umbo la krinoidi kama alivyokuwa. Jaribu kwanza shimo dogo lisilo na thamani, kwa kuwa baadhi ya miamba yenye vinyweleo hung'ang'ania silikoni na kuichana.

Ulisafisha kwa siki au asidi, sasa kisukuku kimefifia

Hapa hakuna cha kurekebisha, ila kusimamisha uharibifu. Toa jiwe, lisuuze kwa maji mengi, liloweke kwenye maji safi yanayobadilishwa kwa siku kadhaa. Mistari iliyoliwa haitarudi.

Ushauri wa kutumia siki hutoka kwa watu wanaotoa visukuku vilivyogeuka silika, madini magumu kama ya gumegume, na kwao ni sahihi. Krinoidi wa silika waliozama kwenye chokaa wanaweza kutolewa kwa asidi hafifu ya asetiki, na hutoka na mikono yao myembamba ikiwa kamili. Kosa ni kudhani kila krinoidi ni wa namna hiyo. Kipimo ni chepesi na huchukua dakika moja. Chukua pingili moja usiyoijali. Ikwaruze kwa ncha ya kisu cha chuma: kalsiti ina ugumu wa 3 kwenye kipimo cha Mohs na itachubuka, silika ina ugumu wa 7 na itakishinda kisu. Kisha dondoshea tone la asidi ya hidrokloriki iliyochanganywa na maji mengi. Ikitoa povu, ni kalsiti, na asidi ya aina yoyote isiikaribie. Ikinyamaza huku jiwe pembeni likichemka, una silika, na unaweza kuendelea.

Kwa kisukuku cha kalsiti kilichozungukwa na udongo, dawa ya kwanza ni maji. Kausha jiwe kabisa, hata kwa siku kadhaa juani, kisha ulitumbukize majini kwa mara moja. Udongo uliokauka kikamilifu hunywa maji kwa nguvu na kumeguka wenyewe. Ule wenye unyevunyevu unabaki umeng'ang'ana. Rudia mara nyingi unavyohitaji. Matope yanayobaki usiyamwage. Yapitishe kwenye chekeche ya milimita 2, kisha ya nusu milimita, ukaushe mabaki na kuyachambua chini ya lenzi. Vibamba vya vikombe, pingili za mikono na hata vikombe vya krinoidi wadogo sana hupatikana humo, wakati mwenzio anahangaika na nyundo.

Wako wanaotumia chembe za hidroksidi ya potasiamu, ambazo hunyonya unyevu wa hewa na kubomoa udongo bila kugusa kalsiti. Inafanya kazi vizuri sana. Inaunguza ngozi vibaya na inaweza kupofusha jicho. Kama hujawahi kufundishwa kuitumia na mtu anayeijua, iache. Kisukuku kimekaa mamilioni ya miaka, kitakungoja ujifunze.

Mikono na vikonyo vinavunjika wakati wa kuchonga

Tafuta kwanza nguvu inaenda wapi. Mara nyingi tatizo si ukali wa kifaa; ni jiwe kutokuwa na mlalo. Bamba linalocheza mezani hurudisha kila pigo kwenye kisukuku. Lilaze kwenye mfuko wa mchanga, na uelekeze ncha ya kifaa mbali na kisukuku, kamwe si kuelekea kwake. Mwamba mwingi uondoe kwa msumeno au tindo ukiwa bado mbali, kisha milimita chache za mwisho uziache kwa sindano na kalamu ya kuchonga inayoendeshwa na hewa.

Pili, imarisha kabla ya kuchonga. Paraloid B-72, plastiki ya akriliki ya kuimarishia visukuku, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, kati ya asilimia 5 na 10 kwa uzito, hupenya kwenye nyufa nyembamba na kuzishika, na ikibidi huondolewa kwa asetoni hiyo hiyo. Ukiifanya nzito zaidi inakuwa gundi. Gundi kali ya papo hapo inashika haraka na ni msaada mkubwa kipande kinapodondoka, lakini kuiondoa baadaye ni taabu, na ikimwagika juu ya mapambo inaacha kioo juu yake. Kila kipande kilichotoka, hata kama punje ya mchele, kihifadhi kwenye kikopo chenye namba, na uchore kilipotoka. Bila mchoro, jioni hutakumbuka.

Tatu, mashine ya kupuliza poda. Hapa ugumu ndio unaoamua. Bikaboneti ya soda ina ugumu wa karibu 2.5, chini kidogo ya kalsiti, hivyo huondoa udongo na kuacha kisukuku. Poda ya dolomiti inafika 3.5 hadi 4. Inakata haraka, na inaikata kalsiti pia. Pingili zikianza kupoteza mistari na kuonekana kama zimepigwa unga, poda ni ngumu mno au shinikizo ni kubwa. Punguza shinikizo kwanza. Kama mwamba ni chokaa ngumu kuliko unavyodhani na bikaboneti haiugusi, rudi kwenye sindano. Ni kazi ya wiki badala ya saa, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Vumbi lisichukuliwe kirahisi. Chokaa yenye gumegume ndani hutoa vumbi la silika linaloharibu mapafu kwa miaka bila kuonyesha dalili. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, miwani ya kinga, na ufanyie kazi mahali penye hewa inayovutwa nje.

Bamba la kununua linatia shaka

Morocco hutoa mabamba makubwa ya Scyphocrinites, krinoidi wa mwisho wa Siluri na mwanzo wa Devoni, na ni wa kweli na wa ajabu. Lakini mabamba mengi yanayouzwa yamejaziwa, yameunganishwa kutoka wanyama kadhaa, au mistari yake imechongwa na kupakwa rangi. Fuata shina kwa lenzi kutoka mwanzo hadi mwisho. Shina halali lina pingili zinazobadilika ukubwa polepole. La kuchonga lina mistari iliyopishana sawasawa kupita kiasi na mara nyingine inaendelea juu ya mwamba. Tafuta sehemu iliyovunjika: je, kuna nyuso bapa zinazong'aa? Saruji na gundi havina. Pitisha pamba yenye asetoni kwenye kona isiyoonekana, uone kama rangi inatoka. Taa ya urujuanimno gizani huonyesha gundi na kijazio kwa mwako tofauti na wa jiwe. Kujaziwa kidogo si dhambi, kama muuzaji anasema. Asiposema, mwulize waziwazi na umsikilize anavyojibu.

Unga mweupe umetokea juu ya kisukuku kikiwa kabatini

Sababu ziko 3. Kama kilitoka ufukweni, ni chumvi: kiloweke kwenye maji baridi, ubadilishe kila siku mpaka maji yaache kuwa na chumvi, kisha ukikaushe polepole. Kama droo ni ya mbao, hasa ya mwaloni, mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao unakula kalsiti. Hamishia kwenye kasha la plastiki isiyotoa mvuke au kabati la chuma. Kama unga una rangi ya manjano na harufu ya kiberiti, kisukuku kina pairiti (madini ya chuma na salfa) inayooza, jambo la kawaida kwa krinoidi wa Lyme Regis, pwani ya Uingereza. Usikioshe kwa maji. Kitenge na vingine, kiweke kwenye kasha linalofunga vizuri lenye vifuko vya kunyonya unyevu, na unyevu wa hewa ukae chini ya asilimia 50.

Umezuiwa kuchukua, au hujui kama unaruhusiwa

Uliza kabla ya kuinama. Machimbo yanayofanya kazi yana mmiliki, yana ratiba ya milipuko na kuta zinazoanguka. Usiingie bila ruhusa na kofia ya kinga. Hifadhi zina sheria zake: Wren's Nest imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1956, na kupiga nyundo kwenye miamba yake hakuruhusiwi. Hifadhi za taifa za Marekani hukataza kuchukua kisukuku chochote, wakati kwenye baadhi ya ardhi nyingine za umma za nchi hiyo visukuku vya kawaida vya wanyama wasio na uti wa mgongo huruhusiwa kwa kiasi, kwa matumizi binafsi. Usichukulie ruhusa ya mahali pamoja kuwa ya mahali pengine.

Huwezi kukitaja jina

Kama una pingili pekee, mara nyingi hutaweza, na hilo si upungufu wako. Aina nyingi tofauti zilikuwa na pingili zinazofanana, na krinoidi mmoja huyo huyo anaweza kuwa na pingili za maumbo mawili au matatu kwenye shina lake. Utambuzi wa uhakika hutegemea kikombe: idadi ya mizunguko ya vibamba, namna vinavyogusana, na mahali mikono inapoanzia. Chora kikombe kikiwa kimefunguliwa kama ramani, kibamba kwa kibamba, kabla ya kufungua kitabu chochote cha majina. Mchoro huo ndio atakaouhitaji mtaalamu wa makumbusho ukimwandikia.

Hata bila jina, andika lebo siku hiyo hiyo: mahali, tabaka, ulikikuta uso wa juu au wa chini, na tarehe. Iandike kwa penseli au wino usiofifia, na uandike namba pia kwenye jiwe lenyewe, juu ya tone dogo la Paraloid lililokauka, upande ambao hauna kisukuku.